Kidole Gumba Ndani ya Plastiki

Nimestaafu. Chekeni kwanza, nasubiri. Mmemaliza? Haya. Nina miaka kumi na saba, mwisho wa mwaka huu nafanya mtihani wa matric, ule wa kumaliza sekondari, na Jumapili iliyopita mama alisimama jikoni na mwiko mkononi akatamka kwamba binti yake hataonekana tena nyuma ya kaunta ya Tonton Safari, yaani Mjomba Safari, mpaka Hesabu ipande. Hakuna hafla iliyoandaliwa. Hakuna saa ya ukutani niliyopewa. Tonton alinikabidhi mfuko wa klipu za karatasi akasema, "Maître, hii ni pensheni yako, usiimalize yote siku moja."

Kwa hiyo nawaandikia ninyi wawili mnaorithi kiti changu: wewe Pendo, mdogo wangu, na wewe Chance, mtoto wa Tonton, mnaodhani kazi yenyewe ni kubonyeza kitufe cha kijani. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Cheo changu kilianzia "wewe mutoto", kikapanda hadi "Maître", jina ambalo Wakongomani humwita wakili na Tonton huniita mimi ili wateja wacheke, na hapo kikakwama. Mshahara ulikuwa bunny chow ya Jumamosi, yaani ule nusu mkate uliochimbwa katikati ukajazwa mchuzi. Huo mchuzi ukumbukeni. Utarudi.

Nilianza nikiwa Grade 8, na miaka kumi na tatu, Jumamosi moja ambayo mama alichoka kuniona nimelala. Duka mnalijua: Umbilo Road, hapa Durban, mlango mwembamba, kibao kinachosema FOTOKOPI PICHA PLASTIKI DOCUMENTS bila nukta wala kupumua. Tonton alinizungusha kama mwenye nyumba anayemwonyesha mpangaji vyumba. Hii mashine ya fotokopi, ikikohoa ipige ubavuni, si juu. Hili shuka jeupe la picha za pasipoti, usilifutie mikono. Na hii, akaishusha sauti, hii ni laminesheni, ya kuzifunga karatasi ndani ya plastiki.

Ilikaa mwisho wa kaunta ikinuka joto. Tonton aliipenda kuliko gari lake, na ukiwajua wateja wetu unaelewa kwa nini. Watu wetu wamepoteza karatasi njiani. Nyingine imeliwa na mvua, nyingine imeliwa na ziwa, nyingine iliingia mfukoni mwa mtu wa mpakani haikutoka tena. Baba yangu mwenyewe alitoka Uvira na cheti cha shule ndani ya soksi, akafika na soksi. Ndiyo maana mtu wa kwetu akipewa hapa Durban karatasi mpya, ngumu, yenye jina lake na nembo juu, haendi nayo nyumbani. Anakuja nayo kwetu moja kwa moja, ameishika kwa mikono miwili, na anasema neno moja: "Plastiki."

Mteja wangu wa kwanza maishani alisema hivyohivyo. Tonton alikuwa ametoka kwenda kununua wino, na mimi nilikuwa na bunny chow wazi nyuma ya kaunta, nimefika kwenye viazi. Wakaingia mwanamke na mwanamume, vijana, wamevaa nguo za Jumapili siku ya Jumamosi. Walikuwa wameoana wiki ile, wakapewa cheti cha ndoa. Mke aliitwa Anjelina, msusi wa nywele, na mume aliitwa Amani, fundi wa kuchomelea vyuma. Wakati ule walipanga chumba mtaa wa nyuma yetu.

"Iko plastiki ya nguvu?" akauliza Anjelina.

"Iko," nikasema, kana kwamba naijua tangu utotoni.

"Tia hiyo," akasema Amani. "Nataka hii karatasi izeeke nyuma yetu."

Nikajifuta mikono kwenye suruali, nikakiingiza cheti ndani ya mfuko wa plastiki, nikakinyoosha kwa kidole gumba pale kwenye kona, nikaiacha mashine ikimeze. Kikatoka upande wa pili kimeng'aa, cha moto. Anjelina akakipuliza kama chai. Kisha akakibusu, plastiki na yote. Nikamuuliza Amani, kwa ajili ya kuongea tu, kama wana safari.

"Safari ya wapi tena?" akacheka. "Sisi tumefika. Hatuendi popote."

Walipotoka nilijiona mkunga. Nilirudi kwenye viazi vyangu nikiwa mtu mzima.

Sasa nije kwa mwalimu wangu. Tonton alinifundisha mashine, lakini kazi nilifundishwa na Aunty Rani, karani wa notari, yule wakili wa kuthibitisha karatasi, aliye ghorofa ya pili mkabala na duka letu, kule tunakopeleka karatasi za wateja. Notari mwenyewe nimemwona mara nyingi na sijawahi kusikia sentensi yake nzima. Anatoka, anasoma, anasaini kwa kalamu ya wino, anasema "Sharp," yaani safi, anarudi ndani. Ofisi ni ya Aunty Rani. Ni Mhindi wa hapahapa Durban, mfupi, sari ya kazini siku za Ijumaa, miwani imefungwa kamba ya kiatu. Anazungumza Kiingereza na Kizulu. Mimi naandika maneno yake kwa Kiswahili, lakini ninyi yasikieni kwa kasi ya mtu anayewahi taxi.

Siku ya kwanza aliniuliza, "Unajua karatasi inavyosafiri?"

Nikamwambia kwa ndege.

"Kwa ngazi," akasema. Akachora ngazi nyuma ya bahasha, nami bahasha ile ninayo mpaka leo. Ngazi ya chini kabisa: karatasi halisi. Juu yake notari, anayeiona kwa macho yake, anatoa nakala, anaapa kwamba nakala na mama yake zinafanana. Juu ya notari, mahakama kuu, ambayo haimwulizi mtu habari za ndoa yako wala shule yako. Inaangalia saini ya notari tu, kama ni yake kweli, kisha inabandika cheti kinachoitwa apostili. Nchi ambazo zina mapatano hayo zinaridhika hapo. Nchi nyingine zinataka ngazi ziendelee mpaka Pretoria, mambo ya nje, halafu ubalozi. "Na ukiruka ngazi moja," akasema Aunty Rani, "unaanguka zote."

Vifaa vyake nilivipenda kuliko vyote vya dukani kwetu. Alikuwa na sindano nene yenye mpini wa mbao, ya kutobolea kona. Alikuwa na utepe wa kijani aliouviringisha kwenye kijiti cha ice cream. Alikuwa na mashine ya chuma ya kubana muhuri, ambayo ilihitaji umeinamie kwa tumbo lote, na tumbo langu wakati ule halikutosha. Anatoboa, anapitisha utepe, anafunga, anabandika duara jekundu juu ya fundo, anabana. Baada ya hapo karatasi zile ni mwili mmoja. Mwaka mzima aliniacha nishike ncha ya utepe tu. Nilimshikia kama mtu aliyeshikilia ngazi ya fundi wa umeme: kazi yangu ilikuwa kutotikisika.

Mkitaka kujua kosa la pili kwa ukubwa katika kazi hii, ni kung'oa pini ya stepla, ile ambayo mahakama hushikizia apostili. Kulikuwa na kaka mmoja wa Mwanza, mwanafunzi pale chuo cha Westville, kijana msafi, kitabu chini ya kwapa. Tulimpandishia shahada yake ngazi zote, ikarudi imefungwa. Kesho yake akarudi nayo, anatabasamu. Alikuwa amefungua utepe na kung'oa pini ili apate skani nzuri, iliyonyooka.

"Lakini nimerudishia," akamwambia Aunty Rani. "Matundu yaleyale."

Aunty Rani akaishika kona, akaiachia. "Ukichinja kuku ukamrudishia kichwa palepale, atawika?"

Yule kaka akanitazama mimi, akitafuta msaada. Nikamwambia hawiki, kaka. Tukaanza upya.

Na kosa la kwanza kwa ukubwa? Hilo nililijua siku nilipompelekea Aunty Rani cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa mchungaji mmoja, kimetiwa plastiki vizuri, kazi ya mkono wangu, nikitegemea pongezi. Hakukipokea. Alinionyesha kwanza anavyofanya kila asubuhi na mimi sikuwa nimezingatia: anafumba macho, anapitisha ukucha wa kidole kidogo juu ya karatasi, polepole, kutoka nembo mpaka saini.

"Karatasi ya serikali ina ngozi yake," akasema. "Muhuri umeingia, wino umekaa. Ikiwa ndani ya plastiki mimi siisikii. Naweza kuwa nashika cheti, naweza kuwa nashika picha ya cheti. Mwambie mchungaji akaombe kipya. Nani kakifunga hivi?"

Nikasema sijui. Nikashuka zile ngazi za ghorofa na kile cheti mkononi. Nilimwambia Tonton, akajikuna. "Bon, lakini watu wanapenda plastiki." Tangu siku ile nilimuuliza kila mteja kabla ya kuwasha mashine. Lakini wale wa kabla ya siku ile walishatoka mlangoni. Vyeti vyao vilikuwa vimetapakaa mitaa ya Umbilo na Point, vingine kwenye masanduku chini ya vitanda, vinang'aa, vinasubiri.

Mmoja alirudi mwaka jana.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, Jumamosi, mvua ile ya Durban inayonyesha kwa upande. Akaingia Anjelina. Sasa watu walimwita Mama Joshua, kwa ajili ya mtoto wa miaka miwili na nusu aliyemshika sketi. Walikuwa wamehamia Point, chumba kimoja karibu na saluni anayosukia. Amani hakuwepo. Alikuwa amepata kazi ya kuchomelea meli huko Ufini, nchi ambayo Tonton alifikiri ni ugonjwa mpaka nilipomwonyesha kwenye simu. Alikuwa ameondoka kabla Joshua hajajua kutembea. Joshua aliamini kwamba baba yake anakaa ndani ya simu. Alikuwa anamlisha. Kijana wa duka la simu pale Point alishatoa vipande vya biskuti kwenye tundu la kuchajia mara mbili.

Mama Joshua akaweka barua kaunta. Ubalozi umewapa siku ya mahojiano Pretoria, yeye na mtoto: Alhamisi, wiki sita mbele. Barua ilitaka nakala ya cheti cha ndoa, iliyothibitishwa na notari kutoka kwenye karatasi halisi, na apostili juu yake. Ukikosa siku, unarudi nyuma ya foleni, na Amani alishaambiwa hiyo foleni inaweza kumaliza mwaka.

"Maître," akasema, "nilisikia unajua hii mambo. Nisaidie, mutoto wangu. Huyu mutoto atamaliza biskuti ya Durban yote."

Kisha akafungua khanga, akatoa cheti.

Kiling'aa vilevile. Na kwenye kona ya chini, ndani ya plastiki, palikuwa na alama ya kidole gumba, ya njano, na mistari yake yote imekaa wazi. Mchuzi wa bunny chow. Miaka mitatu haikupauka hata kidogo. Notari hajawahi kubana muhuri safi namna ile.

Nikaweka kiganja changu juu ya kona, kama mtu anayeegemea kaunta.

"Iko shida?" akauliza.

"Shida ndogo," nikasema. "Plastiki. Hawaipokei."

"Eish. Nani alitia hii plastiki?"

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, neno lenyewe ni moja tu, mimi. Nikasema, "Zamani watu walikuwa wanatia tu."

Zamani! Miaka mitatu!

Nikamwambia wazo lililonijia kwa hofu: labda plastiki inabanduka kwa joto. Macho yake yakawaka. Yeye ni msusi. Joto ndiyo kazi yake. Jumatatu baada ya shule nikapanda taxi mpaka Point, saluni, nikiwa na ripoti yangu ya Grade 9 niliyowahi kuitia plastiki ili kujaribia mashine. Tulikubaliana kwamba ripoti hiyo haitaliliwa na mtu. Mama Joshua akawasha pasi ya nywele, ile ya kunyooshea, akaibana ripoti kuanzia pembeni, taratibu, kama anashughulikia nywele za bibi harusi. Wateja wawili wakiwa na vichwa nusu vimesukwa wakageuza viti kutazama.

"Inatoka!" akasema mmoja.

Ilikuwa inatoka. Plastiki ikanyanyuka, ikavutika kama ngozi ya maziwa. Ikatoka na Kiingereza changu, ikatoka na jina la mwalimu mkuu, ikatoka na alama ya Hesabu. Karatasi ikabaki nyeupe, na maneno yote yamehamia kwenye plastiki.

"Ile Hesabu," akasema mama mmoja aliyekuwa anasukwa, "ni muzuri imetoka."

Walicheka mpaka Joshua naye akacheka bila kujua. Mama Joshua hakucheka. Aliizima pasi, akakikunja cheti chake ndani ya khanga, akafunga fundo, na ile namna alivyofunga fundo nilirudi nayo nyumbani.

Ilibaki njia moja: kuomba cheti kipya kwenye ofisi ya serikali inayotoa vyeti, na kuomba kiwahi. Foleni pale hupangwa tangu alfajiri. Yeye hakuweza kuacha saluni siku nzima, kwa hiyo tulipanga: mimi, maana siku ile shule ilifungwa kwa mkutano wa walimu, nashika nafasi, yeye anakuja karibu na zamu. Saa kumi na moja na nusu nilikuwa nimesimama na blanketi la mama. Nyuma yangu alikuwepo mzee aliyeleta kiti chake, na mbele yangu dada aliyekuwa akiuza vitumbua kwenye foleni hiyohiyo aliyopanga. Saa nne Mama Joshua akatokea na chupa ya chai, akanimiminia, akasimama nami.

Nilikunywa nusu kikombe. Kikombe cha mtu uliyemharibia karatasi ni kizito, nawaambia.

"Mama Joshua," nikasema. "Ile plastiki niliitia mimi."

Akaendelea kutazama mbele, kwenye mgongo wa dada wa vitumbua.

"Siku yangu ya kwanza ya kazi. Nilikuwa sijui. Na ile ya njano kwenye kona ni kidole changu. Nilikuwa nakula."

"Bunny chow," akasema.

"Unajua?"

"Mutoto wangu." Sasa akanigeukia. "Minaitazama hii karatasi kila usiku tangu Amani aende. Minajua kila kitu iko juu yake. Ile siku ulikuwa na mchuzi mpaka hapa." Akanigusa kidevu. "Pale Point iko maduka tatu ya fotokopi, mlango kwa mlango na saluni. Unafikiri mimi nilipanda taxi na mvua ile, na mutoto, nikuje Umbilo kwa sababu ya nini?"

Nikafuta kidevu changu pale alipogusa.

"Nilisema huyu aliifunga, huyu ataifungua. Halafu nikauliza nani alitia plastiki, wewe ukasema zamani." Akapiga ulimi. "Zamani! Nikasema bon, nitangoja. Siku tano nimengoja. Kunywa chai, inapoa."

Nikanywa chai. Wale waliokuwa karibu waliniona nafuta macho wakadhani ni foleni.

Makarani wakaichukua fomu yetu, tuliyoandika namba ya simu ya duka, wakatukabidhi risiti. Kisha tukaingia katika ile sehemu ya kazi ambayo hakuna mtu anaieleza: kungoja. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila nikitoka shule napita dukani, Tonton anatikisa kichwa kabla sijauliza. Wiki ya tano Mama Joshua aliacha kuuliza, akawa anatuma picha za Joshua tu. Wiki ya mahojiano, Jumatatu, ujumbe ukaingia kwamba cheti kiko tayari. Jumanne asubuhi alikichukua. Jumanne mchana tulikuwa ghorofani kwa Aunty Rani, na cheti kipya kiko kwenye bahasha, kikavu, uchi, bila hata klipu.

Aunty Rani akafumba macho. Ukucha ukatembea kutoka nembo mpaka saini. Mimi na Mama Joshua tuliufuata kwa macho, hata Joshua.

"Huyu namsikia," akasema.

Akatoa nakala, notari akatoka, akasoma, akasaini, akasema "Sharp," akarudi. Aunty Rani akachukua ile sindano nene yenye mpini wa mbao, akaigeuza, akanipa mimi mpini.

"Aunty?"

"Hii ni ya kwako. Ulijua kuiharibu, sasa jua kuishona."

Kumbe naye alijua. Nilichogundua ni kwamba siku ile nilipomwambia sijui nani aliyetia plastiki, mtu mmoja tu pale ofisini aliamini, na mtu huyo nilikuwa mimi. Nikatoboa kona. Nikapitisha utepe wa kijani. Nikafunga fundo, Mama Joshua akanisahihisha fundo, maana mafundo yeye ndiye fundi. Nikabandika duara jekundu, nikainamia mashine ya chuma kwa tumbo lote. Safari hii tumbo lilitosha.

Jumatano sikwenda shule. Mwalimu wangu akisoma hapa, ilikuwa tumbo. Mlango wa mahakama ulipofunguliwa sisi tulikuwa wa pili. Karani wa dirishani alikuwa mpole na mwenye haraka sifuri. Alifungua daftari lake la saini, akaweka saini ya notari wetu pembeni ya ile ya daftarini, akatazama. Akatazama tena. Akavaa miwani. Akaenda ndani na daftari. Basi la Pretoria lilikuwa linaondoka saa tisa, na sanduku la Mama Joshua lilikuwa miguuni pake. Joshua akauliza kama yule baba ameondoka na karatasi yetu. Nikamwambia amekwenda kuipa chakula. Akaona ni jambo la kawaida.

Alirudi baada ya muda ambao sitausahau, anatafuna kitu, kumbe alikuwa kwenye chai. Akabandika apostili, akagonga muhuri, akasukuma bahasha chini ya kioo. "Msifungue pini," akasema.

Tukasema sote watatu, pamoja na Joshua, "Hatufungui."

Stendi ya basi, Mama Joshua aliiweka bahasha ndani ya blauzi, upande wa moyo, sehemu ambayo hakuna mpaka wala mvua itaifikia bila kupitia kwake. Kisha akatoa khanga, akafungua fundo, akanikabidhi kile cheti cha zamani chenye plastiki.

"Hii haiendi," akasema. "Hii ni yako. Uiweke mahali unaiona."

Joshua alipanda ngazi za basi mwenyewe, biskuti mkononi. Dereva akamwambia biskuti itavunjika, aile. Akakataa. Simu ya mama yake ilikuwa inaita, picha ya Amani imejaa kioo, na kwa mara ya kwanza mtoto hakuisogelea. Aliitia biskuti mfukoni, akakifunga kifungo cha mfuko.

"Ni ya kupeleka," akasema.

Kwenye mahojiano walipita. Wako Ufini sasa, na theluji wanayonitumia kwenye picha inanifanya nihisi baridi nikiwa Umbilo kwenye joto la mwezi wa kwanza. Joshua amegundua kwamba baba ana miguu.

Pendo, Chance, cheti kile nimekitundika juu ya mashine ya laminesheni, majina na namba nimezifunika kwa karatasi, kidole gumba nimekiacha wazi. Ndicho mtakachokiona kila mkinyoosha mkono kuiwasha. Naweni mikono kwanza. Halafu muulizeni mtu aliyesimama mbele yenu kama karatasi yake itasafiri, na akicheka akisema haitasafiri, yeye amefika, haendi popote, muulizeni mara ya pili. Amani naye alicheka hivyohivyo, amesimama palepale.